Kijana mwandishi, mhariri si msahihishaji wa KCPE

Barua pepe iliingia nikiwa kwenye foleni ya maji. Ilikuwa kama saa nne usiku, na huku Mbotela ukisikia mfereji umeanza kutoa maji huulizi maswali, unabeba mitungi na kutoka. Simu ikatetema mfukoni. Nilikuwa nimengojea jibu hilo kwa miezi minne, kwa hivyo nikalifungua palepale, mtungi wa kwanza ukiwa umejaa nusu.

Mistari mitatu tu. Asante kwa kututumia hadithi yako. Tumeisoma. Kwa sasa hatutaweza kuichapisha.

Niliisoma mara nne nikitafuta pahali palipoandikwa "lakini". Hapakuwapo. Mtungi ukafurika, na mama aliyekuwa nyuma yangu akanifokea, "We kijana, hayo maji si ya kwenu peke yenu!" Nikabeba mitungi yangu nikarudi nyumbani. Kabla ya kulala nilifuta ile hadithi kwenye simu, nikaapa sitaandika tena.

Si uongo, nilikuwa mjinga. Lakini ujinga wangu ulikuwa na chanzo, na nimekuja kugundua kwamba vijana wengi tunaoandika huku Eastlands tunaugua ugonjwa uo huo. Ndio maana naandika leo.

Kalamu nyekundu

Sisi tuliofanya KCPE kabla haijazikwa mwaka wa 2023 tunaikumbuka insha. Alama 40. Mwalimu alikuambia siri ya kupata 36 kwenda juu ni kupamba lugha, kwa hivyo tulikariri. Hakuna aliyeamka tu. Wote tulirauka alfajiri na mapema. Jua halikuchomoza hivi hivi, lilichomoza likitabasamu huku ndege wakitumbuiza. Kila aya ilikuwa na methali mbili, na kila mhusika mtukutu alipata ajali mwishoni, akajuta, na majuto ni mjukuu. Mwalimu alitia tiki juu ya kila methali. Siku moja nilipata 37, insha yangu ikasomwa mbele ya darasa zima. Kuanzia hapo nilijihesabu mwandishi.

Lakini shule ilitufundisha jambo lingine bila kulitamka: kwamba kalamu nyekundu ni hukumu. Insha ikirudi, imerudi. Huiandiki upya, huulizi, hubishani. Alama zikiwa mbaya, ni wewe uliye mbaya, na matokeo yatabandikwa ukutani kila mtu ayaone.

Sasa chukua mtu aliyelelewa hivyo, atume hadithi kwa jarida. Jibu likija, atalisoma kama matokeo ya mtihani. "Hatutaweza kuichapisha" kwake ni gredi E. Hata akipewa maoni marefu yenye msaada, ataona wekundu tu.

Hapo ndipo tunapokosea. Mhariri hana alama za kukupa wala za kukunyima. Anaamua jambo dogo sana: je, hadithi hii, ilivyo leo, inafaa toleo letu hili? Pengine toleo limejaa. Pengine wana hadithi mbili za matatu tayari, na yako ni ya tatu. Pengine kweli hadithi ni mbichi. Vyovyote vile, kilichokataliwa ni zile kurasa kumi na moja ulizotuma. Ukizibadilisha, hilo litakuwa swali jipya, na unaweza kuliuliza mara nyingi utakavyo. KCPE ilikuwa siku tatu tu. Hadithi haina siku ya mwisho.

Maoni matatu

Kiapo changu cha kutoandika kilidumu wiki sita. Nakala ya hadithi ilikuwa imebaki kwenye barua pepe niliyoituma, basi nikaichukua nikaipeleka kwa jarida lingine. Safari hii mhariri alijibu kwa kirefu. Alisema hawataichukua, lakini akanipa maoni matatu.

La kwanza: hadithi yako inaanza ukurasa wa nne.

La pili: mbona kondakta wako wa Jogoo Road anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari?

La tatu: hadithi ya Eastlands isiyo na polisi wala bunduki inakosa ladha, fikiria kuongeza.

Manze, niliwaka. Palepale niliandika jibu refu kumweleza kwamba hajui mtaa, hajui Kiswahili, na kwamba siku moja atanisoma kwenye gazeti. Nikatuma. Hakujibu, na sidhani kama nitawahi kutuma kitu pale tena. Mlango huo niliufunga mwenyewe, kwa mkono wangu.

Miezi miwili baadaye nilikuwa katika maktaba ya Kaloleni, mojawapo ya zile mbili za Eastlands, pamoja na ya Makadara, zilizo chini ya McMillan na ambazo shirika la Book Bunk limekuwa likizifufua. Nilichapa hadithi kwenye karatasi na kuisoma kama ya mtu mwingine. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa hali ya hewa: jua, ndege, historia ya ukoo, maelezo ya barabara. Ukurasa wa nne, msichana anarudi kutoka shuleni na kukuta mwenye nyumba ameng'oa mlango wao kwa sababu ya kodi. Mlango uko nje umeegemezwa ukutani, na mamake ameketi ndani, anapika, kila mpita njia akimwona. Hapo ndipo hadithi ilipoanzia. Yule mhariri alikuwa ameona kweli.

Maoni ya pili yaliniuma zaidi, kwa sababu nilijua jibu lake. Kondakta wangu alikuwa akisema, "Abiria wapendwa, tafadhali sogeeni nyuma." Hakuna kondakta wa namba yoyote ya Jogoo Road aliyewahi kusema hivyo tangu barabara ilipowekwa lami. Nilijua wanavyosema, nawasikia kila asubuhi. Lakini niliona haya kuandika. Shuleni Sheng ilikuletea adhabu, na sanifu ikakuletea alama. Kwa hivyo nilipochukua kalamu, watu wangu wote wa Mbotela walivaa tai na kuanza kutangaza. Nilipomwacha kondakta aseme "Songa, songa, hapo kuna nafasi ya watu wawili na kuku," alipata uhai mara moja. Sisemi tuitupe sanifu. Masimulizi yangu bado ni ya sanifu. Nasema tu mtu katika hadithi aachiwe mdomo wake.

Maoni ya tatu niliyakataa, na bado nayakataa. Bunduki zipo huku, hakuna anayebisha. Lakini hadithi yangu ilikuwa ya mlango ulioong'olewa na mama aliyeamua kuendelea kupika. Kumwongezea polisi kungekuwa kuandika hadithi ambayo mhariri alitaka kusoma, si ile niliyokuwa nayo.

Barua ile moja, niliyoisoma kwa hasira kama kitu kimoja, ilikuwa na mawili ya dhahabu na moja la kutupa. Ningetulia siku mbili tu ningaliona.

Tangu hapo nina kipimo changu. Mhariri akiniambia mahali alipokwama, namwamini, kwa sababu hawezi kudanganya kuhusu pale alipochoka. Wasomaji wawili wasiojuana wakikwama mahali pamoja, sina budi kupatengeneza. Lakini akiniambia dawa, hapo naangalia. Mara nyingi ugonjwa ameuona sawasawa na dawa ameikosea, na kutafuta dawa ni kazi yangu mimi mwenye hadithi.

Hata wakongwe

Tatizo letu lingine ni kwamba hatujawahi kuona rasimu. Hadithi fupi tulizosoma sekondari katika vitabu teule, iwe ni Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba au Mapambazuko ya Machweo, zilitufikia zikiwa zimeshaoga na kuvaa. Tukadhani zilizaliwa hivyo.

Chukua Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025. Mwaka wa 1962 alikuwa mwanafunzi tu wakati waandishi wa Afrika walipokutana Makerere. Alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Jaribu kufikiria ujasiri huo: mwandishi mwenye jina kubwa, na wewe unamkabidhi makaratasi yako, ukijua atakuta makosa. Mswada huo ulitoka mwaka wa 1964 kama Weep Not, Child. Na The River Between, ambayo kwa kweli ndiyo aliyoiandika kwanza, ilichapishwa 1965. Mswada wa kwanza ulipitwa na mdogo wake, na hakuna aliyekufa.

Au Binyavanga Wainaina. Alipopeleka "Discovering Home" kwenye Tuzo ya Caine, alijibiwa mwanzoni kwamba kazi zilizochapishwa mtandaoni hazipokelewi. Aliwaandikia kwa hasira. Lakini angalia alichobishania. Hakusema yeye ni mwandishi mzuri na wao hawajui kusoma. Alibishania kanuni: kama majarida ya karatasi hayapo, waandishi wa Afrika wachapishe wapi? Mwaka wa 2002 ndiye aliyeshinda. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka Nairobi, na mojawapo ya mambo lililofanya ni kuweka Sheng kwenye kurasa zake. Hasira yake ilizaa mlango kwa wengine. Yangu ilinifungia wangu.

Kuna na upande wa huzuni, na sitaki kuuficha. Shaaban Robert, tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili, alifariki 1962 bila kuviona vitabu vyake Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikiwa vimechapishwa. Vilitoka miaka kadhaa baadaye. Kwa hivyo mtu akikuambia kizuri hujiuza, mwambie hakijiuzi haraka hivyo. Wakati mwingine mswada unaofaa unakaa kwenye droo muda mrefu. Tofauti kati yake na wetu tunaoufuta kwenye simu ni kwamba wake ulikuwapo siku mlango ulipofunguka.

Kwani lazima mhariri?

Najua kuna msomaji anayesema: kwani lazima? Si niweke tu Facebook au grupu ya WhatsApp, mashabiki wanisome leo leo?

Weka, hakuna neno. Hapa Nairobi David Maillu alifanya kitu kama hicho zamani, kabla ya intaneti: alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, katika miaka ya 1970, akauza vitabu kama After 4:30 kwa wasomaji wa mjini ambao wachapishaji wengine hawakuwajali. Njia hiyo ni halali. Ila usiichague kwa sababu unaogopa kusomwa na mtu asiyekupenda. Nimeweka hadithi mtandaoni. Nilipata vidole gumba 60 na maoni ya "moto sana bro". Hakuna hata mmoja aliyeniambia hadithi inaanza ukurasa wa nne. Marafiki watakupongeza, na hiyo ndiyo kazi ya marafiki.

Wahariri nao

Sitaki kuwalaumu vijana peke yao. Wahariri, nanyi mna lenu. Najua wengi mnafanya kazi hiyo ya majarida usiku, bila malipo, baada ya kazi inayowalisha. Lakini kimya cha mwaka mzima kinamchosha mwandishi kuliko barua ya kukataa. Semeni mapema mtajibu baada ya muda gani, na muda huo ukipita bila jibu mtu ajue yuko huru. Semeni kama mnalipa au hamlipi. Na mkikataa, ongezeni sentensi moja tu ya sababu pale mnapoweza. Kwa kijana wa Mbotela anayeandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, sentensi hiyo ni darasa ambalo hakulipata kwingine.

Na tafadhali, msitutume bunduki kila mara.

Mambo madogo yanayosaidia

Mimi si bingwa. Haya ni yale tu yaliyonisaidia.

Barua ya kukataliwa isome mara moja, ufunge simu. Irudie baada ya siku mbili. Ikiwa na maoni, yaandike kwenye karatasi kwa maneno yako mwenyewe, bila zile sehemu zilizokuuma. Utashangaa yanavyobaki machache.

Usijibu kwa hasira. Ukitaka kujibu, andika "Asante kwa kunisoma" na uishie hapo. Mhariri akikuambia "tutumie nyingine", hiyo si adabu tu. Wana kazi nyingi mno ya kumwalika mtu wasiyemtaka. Mtumie nyingine.

Weka daftari. Tarehe, jina la hadithi, ilikopelekwa, jibu. Langu sasa lina mistari 14, na 11 kati yake ni "hapana". Zikiwa kichwani zilikuwa mlima. Zikiwa kwenye daftari ni kazi, kama hesabu za duka.

Soma masharti. Wakisema maneno 3,000, usipeleke 5,000 ukitumaini watakuhurumia. Soma pia walichochapisha awali. Mengi ya "hapana" zangu yalitokana na kupeleka samaki buchani. Na ukiambiwa ulipe pesa nyingi ili hadithi yako "ikubaliwe", ujue hiyo ni biashara ya mtu, na bidhaa ni wewe.

Kiswahili kina milango yake, tusijidanganye kwamba lazima uandike Kiingereza. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ni ya waandishi wa Kiswahili. Jalada, lililoanzishwa na waandishi vijana, mwaka wa 2016 lilitoa hadithi moja ya Ngũgĩ kwa lugha zaidi ya 30. Lugha yetu si kikwazo kama tunavyodhani.

Mwisho, tafuta watu wawili wa kusomeana. Si lazima wawe wasomi. Mmoja wa wasomaji wangu ni fundi wa viatu, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba mlango ukitolewa kwa bawaba hauegemezwi jinsi nilivyoandika. Nilibadilisha.

Daftari la Makongeni

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaninyima usingizi.

Nina jamaa yangu, jirani wa hapo Makongeni, anayeandika kuniliko. Sisemi hivyo kwa adabu. Babu yake alifanya kazi reli, na kijana huyu aliandika hadithi ya mzee anayeamka kila usiku kwa saa ile ile ya zamu yake, miaka 20 baada ya kustaafu, anavaa buti, anaketi kitandani akingoja treni isiyokuja. Nilipoisoma nilinyamaza. Aliituma pahali pamoja, mara moja. Akajibiwa mistari mitatu kama yangu. Hajatuma tena. Daftari liko chini ya kitanda, na juzi mamake almanusura awashe jiko nalo.

Mzee mwenyewe alishafariki. Hadithi hiyo haiko kichwani mwa mtu mwingine yeyote. Mhariri aliyeikataa hakujua hilo na hakuwa na njia ya kujua. Aliona kurasa tu, kwa dakika chache, katika wiki yenye kurasa nyingi. Ikiungua, haitakuwa yeye aliyeichoma.

Mtaa wetu huu unabeba jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa hapa Nairobi mwaka wa 1952. Babake, James Juma Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa 1934, akisimulia habari za watumwa walioachiliwa huru. Habari hizo alizisikia kwa watu wake, na kama hangeziandika wangezikwa nazo. Sisi tunapanda matatu kila siku tukitaja jina la familia ya mwandishi, "Mbotela, Mbotela, shuka hapo," na hatujui.

Hadithi yangu ya mlango bado haijachapishwa. Iko kwa mhariri wa tano sasa, nangojea. Nyingine niliyoiandika baadaye, yenye kondakta anayeongea kama kondakta, ilitoka mwaka jana. Hainifanyi bingwa, lakini mama yule wa foleni ya maji aliisoma kwenye simu ya mwanawe, akaniuliza kama yule mwanamke mwenye kelele ni yeye. Nilikana.

Jumamosi hii napitia Makongeni. Nitabeba simu na chaja, jamaa yangu anisomee lile daftari nikichapa. Tukimaliza tutakata kurasa za mwanzo ikibidi, tutaangalia mzee anaongeaje, kisha tutaituma tena. Wakikataa, nitamchorea mstari wa kwanza kwenye daftari lake jipya.